Vincent du Vigneaud

Vincent du Vigneaud (18 Mei 1901 – 11 Desemba 1978) alikuwa mwanabiokemia kutoka nchi ya Marekani. Alijulikana hasa kwa utafiti wake juu ya kampaundi za sulfuri zinazopatikana katika miili ya viumbe hai, na kwa kuongoza kikundi cha kwanza kilichofaulu kutengeneza homoni ya peptidi katika maabara. Mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia bila kugawana na mtu mwingine.

Homoni mbili alizozichunguza kwa undani, oksitosini na vasopresini, hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Oksitosini hutumika leo katika wodi za wazazi duniani kote. Vasopresini ni miongoni mwa dawa za kwanza zilizotumika kuzuia damu inayotoka katika mishipa ya umio kwa wagonjwa wa ini, hali inayoweza kumuua mtu kwa muda wa saa chache. Du Vigneaud hakuwa daktari wa wagonjwa, wala hakuanza utafiti wake kwa kutafuta dawa hiyo. Hata hivyo, baadhi ya dawa bora zilizokuja baadaye ziliundwa kwa kubadilisha molekuli ambayo yeye na wenzake walieleza muundo wake.

## Utoto na masomo

Du Vigneaud alizaliwa mjini Chicago, katika jimbo la Illinois. Baba yake, Alfred, alikuwa mbunifu wa mashine. Mama yake aliitwa Mary Theresa. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari alifanya majaribio ya kemia nyumbani pamoja na wenzake, yakiwemo ya vilipuzi vyenye sulfuri.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipewa nafasi ya kwenda kufanya kazi mashambani. Kijana Vincent alikwenda, akawa hodari wa kukamua ng'ombe kwa mkono, na akaanza kufikiria kuwa mkulima. Dada yake Beatrice ndiye aliyemshawishi ajiunge na Chuo Kikuu cha Illinois asomee kemia.

Fedha za masomo zilikuwa chache, hivyo alifanya kazi mbalimbali akiwa chuoni, ikiwemo ya kuhudumia mezani. Katika kazi hiyo alikutana na Zella Zon Ford. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1924 na kupata watoto wawili, Vincent na Marilyn.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1923 na shahada ya uzamili mwaka 1924, akiwa karibu na mwanakemia Carl Marvel. Katika miaka hiyo alisikiliza mhadhara wa profesa William Rose kuhusu insulini, ambayo ilikuwa imegunduliwa muda mfupi kabla huko Toronto, Kanada. Insulini ilikuwa ikiokoa maisha ya wagonjwa wa kisukari, lakini hakuna aliyejua imeundwa na nini. Swali hilo lilibaki naye.

Baada ya kufanya kazi kwa muda huko Philadelphia, alikwenda Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 1927. Tasnifu yake ilihusu sulfuri iliyomo katika insulini. Tangu hapo sulfuri ikawa kama uzi unaounganisha karibu kila kazi aliyoifanya.

## Kujifunza Baltimore na Ulaya

Kutoka Rochester alikwenda Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, kufanya kazi na John Jacob Abel, aliyekuwa amefaulu kupata insulini katika hali ya fuwele. Huko du Vigneaud alisaidia kuonyesha kwamba sulfuri ya insulini imo katika asidi amino inayoitwa sistini.

Hapa inafaa kueleza sistini ni nini, kwa kuwa itarudi tena katika maisha yake. Protini na peptidi ni minyororo ya asidi amino zilizoungana moja baada ya nyingine. Peptidi ni mnyororo mfupi, protini ni mrefu. Mojawapo ya asidi amino hizo ni sisteini, ambayo ina atomu moja ya sulfuri. Sisteini mbili zikikaribiana, sulfuri zake zinaweza kushikana na kufanya daraja. Sisteini hizo mbili zilizoshikana ndizo sistini. Daraja hilo linaweza kukunja mnyororo ukawa duara, na umbo hilo mara nyingi ndilo linaloamua kama molekuli itafanya kazi mwilini au la.

Mwaka 1928 alikwenda Ulaya. Alifanya kazi Dresden, Ujerumani, katika maabara ya Max Bergmann, mwanafunzi wa zamani wa Emil Fischer na bingwa wa kuunganisha asidi amino. Kisha alikwenda Edinburgh kwa George Barger, na London kwa Charles Harington. Kutoka kwa Bergmann alijifunza ufundi wa kujenga peptidi hatua kwa hatua. Miaka michache baadaye Bergmann, akiwa na Leonidas Zervas, alibuni njia ya kuziba kwa muda sehemu moja ya asidi amino ili ile nyingine tu iunganike. Du Vigneaud naye alionyesha kwamba metali ya natiri iliyoyeyushwa katika amonia ya majimaji inaweza kuondoa vizibo vya aina hiyo bila kuharibu peptidi. Njia hizo mbili zilikuja kutumika pamoja miaka 20 baadaye, katika kazi iliyompa Tuzo ya Nobel.

## Sulfuri katika mwili

Aliporudi Marekani alifundisha Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1932 akawa mkuu wa idara ya biokemia katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha George Washington, mjini Washington. Mwaka 1938 alihamia Chuo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Cornell, katika jiji la New York, ambako alikaa karibu miaka 30.

Katika kipindi hicho alifuatilia jinsi mwili unavyotumia sulfuri. Mwaka 1932 yeye na mwenzake walieleza asidi amino mpya, homosistini, ambayo nusu yake ndiyo homosisteini inayopimwa leo katika damu ya baadhi ya wagonjwa. Alionyesha pia jinsi mwili unavyopitisha sulfuri kutoka asidi amino ya methionini hadi kwenye sisteini.

Ugunduzi mwingine ulihusu kikundi kidogo cha atomu kinachoitwa methili. Panya waliolishwa homosistini badala ya methionini hawakukua, isipokuwa walipopewa pia kolini. Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba panya wanaokosa kolini hupata mafuta mengi katika ini. Du Vigneaud aliweka alama kwenye methili kwa kutumia hidrojeni nzito, akawalisha panya, kisha akaitafuta alama hiyo mwilini. Aliikuta imehama kutoka methionini hadi kwenye kolini na kreatini. Kwa njia hiyo alithibitisha kwamba mwili huhamisha methili kutoka molekuli moja hadi nyingine, kazi ambayo kwa sehemu kubwa hufanyika katika ini.

Alifanya kazi pia na Paul György juu ya vitamini iliyoitwa wakati ule vitamini H. Mwaka 1942 kikundi cha du Vigneaud kilieleza muundo wake wa kikemia. Vitamini hiyo, ambayo nayo ina sulfuri, sasa inaitwa biotini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia utafiti wake wa homoni ulisimama, kwa sababu serikali za Marekani na Uingereza zilitaka kujua kama penisilini inaweza kutengenezwa bila kutegemea kuvu. Mwaka 1946 kikundi chake kilitangaza kwamba kimepata penisilini G kwa njia ya kemia, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwamo kijana Robert Holley, ambaye naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1968.

## Homoni mbili za tezi ya pituitari

Tezi ya pituitari ni ndogo kama punje ya njegere na iko chini ya ubongo. Mwaka 1895 iligunduliwa nchini Uingereza kwamba dondoo la tezi hii hupandisha shinikizo la damu ya wanyama. Mwaka 1906 Henry Dale aliona kwamba dondoo hilo hukaza pia misuli ya mji wa mimba. Baadaye ikajulikana kwamba hupunguza mkojo, na kwamba hufanya maziwa yatoke. Swali lilikuwa kama kazi hizo zote ni za homoni moja au zaidi. Mwaka 1928 watafiti wa Marekani waliweza kutenganisha dondoo hilo katika sehemu mbili. Moja ilikaza mji wa mimba, nayo ni oksitosini. Nyingine ilikaza mishipa ya damu na kupunguza mkojo, nayo ni vasopresini.

Du Vigneaud alianza kuzichunguza katika miaka ya 1930 na kurudi kwake baada ya vita. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzisafisha. Tezi zilikusanywa kutoka kwa ng'ombe na nguruwe waliochinjwa, na kila tezi ilikuwa na homoni kidogo mno. Alisaidiwa na njia mpya ya kutenganisha kemikali iliyobuniwa na Lyman Craig, na njia ya kupima asidi amino iliyobuniwa na William Stein na Stanford Moore. Wote watatu walifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller, jijini New York.

Oksitosini ilipovunjwavunjwa ilitoa asidi amino nane, kila moja kwa kiasi sawa, pamoja na amonia. Ndiyo sababu vitabu vya zamani husema ina asidi amino nane: sistini ilihesabiwa kuwa moja. Siku hizi sisteini zake mbili huhesabiwa kila moja peke yake, hivyo jumla ni tisa. Baada ya hapo ilibaki kujua mpangilio wake. Mwaka 1953 kikundi cha du Vigneaud kilitangaza mpangilio huo, na Hans Tuppy wa Vienna, Austria, alifikia jibu lile lile kwa kazi yake mwenyewe. Sisteini ya kwanza na ya sita hushikana kwa daraja la sulfuri, na hivyo mnyororo hujikunja kuwa duara lenye mkia mfupi wa asidi amino tatu.

Mwaka huo huo muundo wa vasopresini pia ulielezwa. Kwa binadamu na ng'ombe tofauti kati ya homoni hizi mbili iko katika nafasi mbili tu. Katika nafasi ya tatu oksitosini ina isolusini, vasopresini ina fenilalanini. Katika nafasi ya nane oksitosini ina lusini, vasopresini ina arijinini. Sehemu nyingine zote zinafanana. Vasopresini ya nguruwe ina laisini badala ya arijinini katika nafasi hiyo ya nane. Tofauti ndogo kama hizo zinatosha kuifanya molekuli moja ilete uchungu wa uzazi na nyingine ikaze mishipa ya damu.

Hata hivyo, muundo ulioandikwa kwenye karatasi ulikuwa bado dhana. Njia ya kuthibitisha ilikuwa kujenga molekuli hiyo kutoka mwanzo na kuona kama inafanya kazi. Pamoja na Charlotte Ressler, John Swan, Carleton Roberts, Panayotis Katsoyannis na wengine, du Vigneaud aliunganisha asidi amino hizo, akaondoa vizibo kwa natiri na amonia, kisha akaiacha hewa ya oksijeni ifunge daraja la sulfuri. Kilichopatikana kililinganishwa na homoni ya asili kwa kila kipimo kilichokuwepo. Kilijaribiwa pia kwa akina mama waliojifungua hospitalini New York: kiasi kidogo sana kilichodungwa kwenye mshipa kilifanya maziwa yatoke baada ya muda mfupi, sawasawa na oksitosini kutoka kwa mnyama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa homoni ya peptidi kutengenezwa na binadamu. Mwaka 1954 walitangaza kwamba wametengeneza vasopresini pia.

## Tuzo ya Nobel

Mwaka 1948 du Vigneaud alipewa Tuzo ya Lasker, na mwaka 1955 Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kamati ilitaja kazi yake juu ya kampaundi muhimu za sulfuri, na hasa kutengenezwa kwa homoni ya kwanza ya peptidi. Sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti ilikuwa imetokana na swali alilolipata akiwa mwanafunzi, kuhusu sulfuri katika insulini.

Baada ya tuzo aliendelea na swali jingine: je, kila sehemu ya molekuli hizi ina kazi gani? Maabara yake ilitengeneza homoni zilizobadilishwa sehemu moja moja, na kila moja ilipimwa nguvu yake. Walipoondoa kikundi cha amino mwanzoni mwa oksitosini, kwa mfano, nguvu yake iliongezeka badala ya kupungua. Kazi hii iliwaonyesha wanakemia wengine kwamba homoni inaweza kurekebishwa kama fundi anavyorekebisha ufunguo.

## Vasopresini na kutokwa damu umioni

Faida ya kazi hiyo inaonekana wazi katika ugonjwa wa ini.

Damu inayotoka tumboni, kwenye utumbo na kwenye wengu hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa, vena ya porta, ambao huipeleka kwenye ini kabla haijarudi moyoni. Ini likijaa makovu, hali inayoitwa sirosisi, damu hupita kwa shida. Sirosisi husababishwa mara nyingi na homa ya ini ya virusi vya B au C, pombe, au mafuta mengi katika ini. Damu iliyozuiwa hutafuta njia ya pembeni, na mojawapo ni mishipa midogo iliyo chini ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba damu nyingi, hivyo hutanuka na kuta zake huwa nyembamba.

Kwa mtu mzima mwenye afya, shinikizo katika vena ya porta huzidi lile la vena zinazotoka kwenye ini kwa milimita 5 za zebaki au chini ya hapo. Tofauti hiyo ikifika 10, mishipa ya umio huweza kuvimba. Ikifika 12 au zaidi, inaweza kupasuka. Mgonjwa hutapika damu nyingi kwa ghafla au hupata choo cheusi kama lami. Ni hali ya dharura inayohitaji hospitali mara moja.

Kufikia mwaka 1950 madaktari walikuwa na njia chache: kuongeza damu, kuingiza mpira wenye puto linalobana mishipa kutoka ndani, au kufanya upasuaji mgumu wa kuunganisha vena ya porta na mshipa mwingine mkubwa. Wagonjwa wengi walikuwa dhaifu mno kwa upasuaji huo.

Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya kutumia dondoo la tezi ya pituitari kuzuia damu hiyo. Mwaka 1960 Sheila Sherlock, bingwa wa magonjwa ya ini mjini London, na mwenzake Stanley Shaldon walichapisha uzoefu wao wa kutumia vasopresini. Dawa haiendi kwenye jeraha lenyewe. Hukaza mishipa midogo inayopeleka damu kwenye utumbo na wengu. Damu inayoingia vena ya porta hupungua, shinikizo hushuka, na mishipa ya umio hupata nafuu, kama vile mtu anayefunga bomba la juu ili tangi la chini lisifurike.

Lakini vasopresini haichagui mishipa. Hukaza pia ile ya moyo, ya vidole na ya utumbo. Wagonjwa wengine walipata maumivu ya kifua na hata shambulio la moyo. Wengine walikosa damu ya kutosha kwenye utumbo. Dawa huisha nguvu haraka, hivyo ilibidi itiririshwe kwa dripu bila kukoma. Katika miaka ya 1980 madaktari walianza kuiunganisha na nitrogliserini ili kupunguza madhara. Majaribio yalionyesha kwamba vasopresini husimamisha damu kwa wagonjwa wengi, lakini haikuthibitika kupunguza vifo.

Hapo ndipo ujuzi wa muundo wake ulipoleta tofauti. Kwa kuwa kila asidi amino ilijulikana, wanakemia wa Chekoslovakia waliweza katika miaka ya 1960 kuchukua vasopresini yenye laisini na kuunganisha glisini tatu mwanzoni mwake. Dawa hiyo, terlipresini, inapoingia mwilini huvunjwa polepole, na homoni yenye nguvu hutolewa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Inaweza kudungwa kila baada ya saa 4 hadi 6, na madhara yake kwa moyo ni machache kuliko ya vasopresini, ingawa bado yapo na mgonjwa lazima aangaliwe. Majaribio yalionyesha kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa wanaotokwa damu umioni. Wanakemia wa nchi hiyo hiyo walibadilisha vasopresini kwa upande mwingine, wakapata desmopresini, inayohifadhi maji ya mwili karibu bila kukaza mishipa. Katika desmopresini kikundi cha amino cha mwanzo kimeondolewa, kama maabara ya du Vigneaud ilivyofanya kwa oksitosini.

Dawa nyingine, oktreotidi, ilitokana na homoni tofauti, somatostatini, iliyotambuliwa Marekani mwaka 1973. Nayo ni peptidi fupi iliyokunjwa na daraja la sulfuri, na nayo hupunguza damu inayokwenda kwenye utumbo.

Leo mgonjwa huanzishiwa mojawapo ya dawa hizi mara tu inapodhaniwa kwamba damu inatoka katika mishipa ya umio, hata kabla ya uchunguzi kukamilika, na huendelea nayo kwa siku 2 hadi 5. Hupewa pia antibiotiki, kwa sababu maambukizi huwaua wengi wao, na huongezewa damu kwa kiasi, kwani damu ikizidi hupandisha shinikizo tena. Kisha daktari huingiza kamera kupitia mdomoni na kuifunga mishipa iliyovimba kwa vipete vya mpira. Damu ikishakoma, vidonge kama propranololi husaidia kuzuia isirudi. Zamani kila tukio la aina hii liliua wagonjwa wengi sana. Siku hizi, mahali penye huduma hizi zote, wanaokufa katika wiki 6 za kwanza ni takriban asilimia 15 hadi 20. Bado ni idadi kubwa.

## Umuhimu kwa Afrika ya Mashariki

Katika Afrika ya Mashariki kuna sababu nyingine kubwa ya mishipa ya umio kuvimba, nayo ni kichocho cha matumbo. Minyoo yake huenezwa na konokono wa maji baridi, na ugonjwa upo sana kandokando ya Ziwa Viktoria na maziwa mengine. Mayai ya minyoo hukwama katika ini na kuleta makovu kuzunguka matawi ya vena ya porta. Wengu huvimba, na baada ya miaka mingi mgonjwa anaweza kutapika damu. Mara nyingi seli za ini lake bado zinafanya kazi vizuri, hivyo akiokolewa kutoka damu hiyo anaweza kuishi muda mrefu kuliko mgonjwa wa sirosisi.

Bei ya terlipresini na oktreotidi, pamoja na uhaba wa vifaa vya endoskopia, ni kikwazo katika hospitali nyingi zilizo mbali na miji mikubwa. Kwa hiyo kinga ina uzito wa pekee: dawa ya prazikwanteli dhidi ya kichocho, chanjo ya homa ya ini B, na propranololi, ambayo ni ya bei nafuu, kwa wale ambao mishipa yao imekwisha kuvimba.

Homoni nyingine ya du Vigneaud inajulikana zaidi katika eneo hili. Oksitosini hudungwa kwa mama mara baada ya kujifungua, kwa kawaida uniti 10, ili mji wa mimba ukaze na damu isitoke kwa wingi. Inapaswa kutunzwa kwenye baridi ya sentigredi 2 hadi 8, jambo linalotatiza zahanati zisizo na umeme wa uhakika. Suluhisho mojawapo ni kabetosini, oksitosini iliyobadilishwa, ambayo inaweza kutayarishwa kwa namna inayostahimili joto. Daraja lake la sulfuri limebadilishwa, atomu moja ya sulfuri ikiwekewa kaboni mahali pake.

## Miaka ya mwisho na kifo

Mwaka 1967 du Vigneaud alistaafu katika chuo cha tiba, lakini hakuacha kazi. Alihamia Ithaca, kwenye makao makuu ya Chuo Kikuu cha Cornell, akiwa profesa wa kemia, na kuendelea kutengeneza homoni zilizobadilishwa. Mwaka 1974 alipata kiharusi kilichomaliza kazi yake ya utafiti. Mke wake Zella alifariki mwaka 1977. Yeye mwenyewe alifariki katika jimbo la New York tarehe 11 Desemba 1978, akiwa na umri wa miaka 77.

Shirika la wanasayansi wa peptidi nchini Marekani hutoa tuzo yenye jina lake. Njia alizotumia za kujenga peptidi zimepitwa na wakati. Mwaka 1963 Bruce Merrifield alibuni njia ya haraka zaidi, na leo mashine hufanya kwa muda mfupi kazi iliyomchukua du Vigneaud na wenzake miaka. Lakini oksitosini bado hudungwa kwa akina mama, na terlipresini kwa wagonjwa wa ini, na zote mbili zinabeba duara lile la asidi amino sita lililofungwa kwa sulfuri mbili, kama lilivyoandikwa mwaka 1953.